Kuunda kompyuta za nguvu kwa mkono: mwongozo kwa karakana ndogo za Arusha na Moshi

Mteja anayeagiza kompyuta ya kuundwa kwa mkono huwa ameshasoma kabla hajafika mlangoni kwako. Ni mhariri wa video za safari, mchoraji wa majengo, prodyuza wa muziki, mtafiti wa chuo anayefunza modeli za akili unde, au mcheza gemu aliyedunduliza kwa muda mrefu. Majina ya vipande anayajua, pengine kukuzidi. Anachokosa ni mtu wa kumhakikishia kwamba mashine hiyo itadumu miaka mitano kwenye umeme wetu, vumbi letu na barabara zetu. Hapo ndipo karakana ndogo inapopata riziki yake. Mwongozo huu ni wa fundi anayejua tayari kufunga kompyuta ya kawaida na anataka kupanda ngazi.

Kampuni za nje zilizodumu kwenye kazi hii hazikudumu kwa taa za rangi. Falcon Northwest ya Oregon ilianza 1992, na Puget Systems ya jimbo la Washington ilianza 2000. Zote mbili hazina kiwanda cha prosesa wala cha kadi. Zinanunua vipande vile vile unavyoweza kununua wewe. Wanachouza ni uchaguzi, majaribio, ufungashaji na simu inayopokelewa mteja akikwama.

Anza na kazi, bei baadaye

Usitaje bei kabla hujajua mambo manne: programu anazotumia, aina ya faili anazofungua, monita aliyonayo, na chumba ambamo mashine itakaa.

Mhariri akikuambia anatumia Premiere, muulize kamera yake inarekodi nini. Kamera nyingi za Sony na Canon za miaka hii hurekodi 4:2:2 ya biti 10 (video yenye taarifa nyingi za rangi), na faili hizo huilemea prosesa kama hakuna sehemu maalumu ya kuzifungua. Quick Sync, sehemu hiyo maalumu ndani ya prosesa za Intel, kuanzia kizazi cha 11, hufungua faili za namna hiyo zilizobanwa kwa HEVC. Kadi za NVIDIA za RTX 40 haziwezi. Za RTX 50, zilizoanza kutoka 2025, zinaweza. Kwa hiyo ukimfungia prosesa ya AMD Ryzen 9 na kadi ya RTX 4090, atalipa pesa nyingi na bado video itagugumia, ilhali mashine ya bei ndogo zaidi yenye Intel ya kawaida ingeipitisha. Angalia pia herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel: hiyo haina grafiksi ya ndani, na Quick Sync haimo.

Mchoraji wa AutoCAD, ArchiCAD au SketchUp anafaidi kasi ya kiini kimoja kuliko wingi wa viini. Akianza kurenda kwa Blender au V-Ray, kadi ya grafiksi ndiyo inabeba mzigo. Kwa watu wa akili unde, hesabu kwanza kumbukumbu ya kadi, kwa sababu modeli isiyoenea humo hutambaa hata kadi iwe na kasi gani. RTX 5090 ina GB 32. RTX 5080 na RTX 5070 Ti zina GB 16 kila moja. Mcheza gemu ana swali moja tu la maana: monita yake ina ukubwa gani wa picha na hezi ngapi. Monita ya 1080p ya hezi 60 haihitaji kadi ya bei ya kiwanja, na umwambie hivyo hata kama mauzo yatapungua.

Kisha uliza kuhusu chumba. Ofisi ya vigae Njiro na nyumba ya kando ya barabara ya vumbi Ngaramtoni hazifungiwi kasha la aina moja.

Kuchagua vipande

Hewa ya Arusha ni nyepesi. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ujazo ule ule wa hewa una uzito pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko wa pwani. Feni inazunguka vile vile lakini inabeba joto pungufu kuliko kule pwani. Moshi iko chini zaidi, hewa ni nzito kidogo, lakini mchana wa Februari ni mkali. Namba za joto unazoziona kwenye majaribio ya Ulaya zipandishe nyuzi 5 kabla hujaamua kipoza.

Kasha liwe na matundu mbele na chujio linalotoka bila bisibisi. Panga feni zinazoingiza hewa ziwe na nguvu kuliko zinazotoa: tatu za milimita 140 mbele na moja nyuma ni mpangilio mzuri wa kuanzia. Hewa ikizidi ndani, inatafuta kutokea kwenye nyufa, na vumbi halipati njia ila kupitia chujio. Ukifanya kinyume, kila ufa unageuka mdomo wa kunyonya vumbi. Ziba pia nafasi za kadi zisizotumika nyuma ya kasha. Mijusi hupenda joto la pawa saplai, na mjusi mmoja aliyelala juu ya mazabodi anatosha kupiga shoti.

Kwenye ramu ya DDR5, funga vijiti viwili, usifunge vinne. Kwenye AM5, soketi ya prosesa za Ryzen za sasa, vijiti viwili vinakwenda kasi ya 5200 au 5600 kwa vipimo rasmi vya AMD, kutegemea kizazi cha prosesa, lakini vinne vyenye pande mbili vinashuka hadi 3600. Mteja akitaka GB 96, nunua viwili vya GB 48. Usimfungie viwili vya GB 24 kwa ahadi kwamba ataongeza vingine baadaye.

Pawa saplai ihesabiwe kwa kalamu. RTX 5090 inakula hadi wati 575. Ryzen 9 9950X inaandikwa wati 170 lakini inaruhusiwa kufika 230. Ongeza wati 100 za mazabodi, feni, SSD na vifaa vya USB, unapata 905. NVIDIA wanapendekeza 1000 kwa kadi hiyo. Kwa mashine ya kufanya kazi usiku kucha weka 1200 ya daraja la Gold au zaidi, ya kizazi cha ATX 3.1, ambayo imeundwa kuhimili mruko wa ghafla wa kadi za sasa. Hakikisha kibandiko chake kinasema 100–240V. Ile ya 200–240V itazimika jioni umeme ukishuka.

Umeme wa nyumbani kwa mteja

Sehemu hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo inayorudisha mashine nyingi karakana. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Kwenye soketi ya mteja usishangae kukuta 190 saa mbili usiku na 250 alfajiri. Nenda ukapime kabla ya kufunga oda, na kama hujazoea umeme wa ukutani ongozana na fundi umeme.

Weka multimita kwenye AC. Tumia ekstensheni iliyochomekwa, kwa sababu soketi za pini tatu zina vifuniko ndani vinavyofunguliwa na pini ya ethi. Pima laini na niutro, kisha laini na ethi, kisha niutro na ethi. Vipimo viwili vya kwanza vinatakiwa kukaribiana, na cha tatu kiwe chini ya volti 5. Ukiona laini na ethi inasoma 60, au 90, au namba inayochezacheza, hakuna ethi hapo: waya umeishia ukutani, au haukuwahi kufika kwenye fimbo ardhini. Namba unayoiona ni mzimu tu unaookotwa na waya uliokaa sambamba na laini.

Madhara yake ni haya. Ndani ya pawa saplai kuna kichujio chenye kapasita mbili, moja kati ya laini na bati, nyingine kati ya niutro na bati. Ethi isipokuwepo, bati la kasha linaelea karibu nusu ya umeme wa ukutani, kama volti 115. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana watu husema kompyuta "inatekenya". Mteja anazoea kutekenywa. Siku anapochomeka HDMI ya televisheni iliyounganishwa na dishi, au kebo ya mikisa ya studio, volti hizo zinatafuta njia kupitia bandari, na bandari inaungua. Prodyuza ataanza kwa kulalamika spika zinavuma. Mvumo huo ni dalili ya mapema. Dawa ni fimbo ya shaba ardhini na waya mzima hadi kwenye soketi, kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Iandike kwenye mkataba kwamba waranti yako inaanza ethi ikiwepo.

Baada ya ethi, UPS. Pawa saplai za kisasa zina PFC hai, saketi inayonyoosha namna zinavyovuta umeme, na UPS za bei ndogo zinazotoa wimbi la ngazi ngazi zinaweza kugombana nazo: umeme ukikatika UPS inalia na mashine inazima papo hapo, kana kwamba hakuna betri. Nunua inayotoa wimbi safi la saini. Soma wati, usisome VA. UPS ya VA 1500 yenye kipimo cha 0.6 inatoa wati 900 tu, na mashine yetu ya juu pamoja na monita inaipita. Ama panda hadi VA 3000, ama punguza ukomo wa umeme wa kadi hadi wati 450 kwenye programu ya NVIDIA; kasi inapungua kidogo tu na joto linashuka sana. Mweleze mteja kwamba UPS ni ya kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu ndani ya dakika chache, na kwamba betri zake za risasi huchoka baada ya miaka kama mitatu.

Stebilaiza za rilei, zile zinazolia "tak tak", hazina faida kubwa hapa. Pawa saplai ya 100–240V inahimili umeme mdogo yenyewe, na kila rilei inaporuka umeme hukatika kwa muda mfupi. Kinachofaa zaidi ni kifaa kama friji gadi, kinachokata umeme ukizidi na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha, kwa sababu mruko mbaya huja sekunde TANESCO wanaporudisha. Ukubwa wake ulingane na mzigo. Msimu wa masika, radi zikianza mlimani, chomoa plagi na kebo ya intaneti pia. Wengi huchomoa umeme na kuacha kebo ya mtandao, na radi inaingia kwa huko.

Benchi na mikono

Benchi liwe na mkeka wa kuondoa chaji, kamba ya mkononi yenye rezista ya megaomu 1, na ethi ile ile uliyoidai kwa mteja. Miezi ya ukavu, kuanzia Juni, chaji ya mwili ni kubwa kuliko unavyodhani, hasa ukivaa sweta la sufi asubuhi za baridi za Arusha. Kuwa na bisibisi za nyota namba 2 na namba 1 zenye sumaku, lenzi ya kukuza, taa kali, na spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ya asilimia 70 ina maji mengi. Iache kwa ajili ya vidonda.

Kabla ya kufungua kitu, andika namba ya utambulisho (serial number) ya kila kipande kwenye daftari na uzipige picha. Kisha fungua soketi ya prosesa na uipige picha kwa karibu kabla ya kuweka chochote. Kwenye AM5 kuna pini 1,718 zilizo upande wa mazabodi, nyembamba kuliko ndevu. Itazame kwa lenzi ukielekeza taa kutoka ubavuni: pini zikiwa sawa, mwanga unang'aa kwa mistari iliyonyooka, palipo na pini iliyoinama, mstari unakatika. Ukikuta hitilafu, simama hapo na urudishe. Ukishaweka prosesa, hutaweza kuthibitisha ni nani aliyeipinda. Shusha prosesa kwa kuishika kingo, pembetatu kwa pembetatu, bila kuisukuma. Mkono wa chuma utakuwa mgumu kuufunga, hiyo ni kawaida. Kifuniko cha plastiki kikichomoka kitunze, kwa sababu watengenezaji wengi hukataa mazabodi iliyorudi bila hicho.

Pesti ya joto: kwenye AM5 tone moja katikati la milimita 3 hadi 4 linatosha. Kwenye bati refu la prosesa za Intel za soketi ya LGA1700 weka tone la milimita 4 katikati na manne madogo ya milimita 2 karibu na pembe. Ondoa karatasi ya plastiki chini ya kipoza. Hii inasahaulika hata na mafundi wazoefu, na dalili yake ni prosesa kufika nyuzi 95 ndani ya sekunde chache za mzigo. Kaza skrubu kwa msalaba, mizunguko miwili miwili, hadi zigote. Plastiki kama hiyo ipo pia kwenye pedi ya hitisinki ya SSD.

Spesa za shaba chini ya mazabodi ya ATX ni 9, na ziwe pale tu penye tundu. Spesa moja iliyobaki mahali pasipo na tundu inagusa nyuma ya bodi na kupiga shoti. Mashine itakataa kuwaka, au mbaya zaidi, itawaka na kufa baada ya wiki. Usichanganye skrubu: za 6-32 zina meno mapana, ni za pawa saplai na mabano ya kadi, za M3 zina meno madogo, ni za SSD za inchi 2.5. Ikianza kukaza kwenye mzunguko wa kwanza, umeshika isiyo yake.

Ramu iingie nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Mara ya kwanza kuwasha, DDR5 inaweza kukaa dakika kadhaa na monita nyeusi ikijipima yenyewe. Usizime.

Sasisha bayosi, programu ya msingi ya mazabodi, kabla ya jaribio lolote zito. Hili lina historia. Aprili 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua kwenye soketi, na AMD wakaweka ukomo wa volti 1.3 kwenye SoC, sehemu ya prosesa inayosimamia ramu, kupitia bayosi mpya. Intel za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiharibika taratibu kwa volti iliyozidi, hadi masahihisho ya 0x129 na 0x12B yalipotoka 2024. Mazabodi iliyokaa stoo Dubai au Kariakoo huenda bado ina bayosi ya zamani, na masahihisho hayaiponyi prosesa iliyokwisha kudhurika.

Plagi ya kadi ya grafiksi ishughulikie kwa heshima. Ile ya pini 12 kubwa na 4 ndogo, iliyoanza kama 12VHPWR na kuboreshwa kuwa 12V-2x6, inabeba hadi wati 600 kwenye eneo dogo kuliko kidole gumba. Mwishoni mwa 2022 RTX 4090 kadhaa ziliyeyuka plagi, na sababu kubwa iliyobainika ni plagi kutoingia hadi mwisho. Isukume kwa kidole gumba mpaka usikie mlio, kisha mulika taa ubavuni: kusiwe na mwanya hata wa kucha. Kebo isikunjwe ndani ya milimita 35 za kwanza kutoka kwenye plagi. Kama kioo cha kasha kinaisukuma, badilisha kasha. Plagi ikishakaa usiichomoe chomoe kwa majaribio, maana pini zinalegea.

Kebo za urembo na maji

Kebo zilizovishwa nyuzi za rangi ndizo zinazoitambulisha kazi ya mkono, na ni huduma unayoweza kuitoza vizuri. Tumia waya wa AWG 16 kwa kadi na prosesa. AWG 18 unatosha kwa kebo ya pini 24. Nunua koleo halisi la kubania pini, lile lenye mabawa mawili, moja likibana shaba na jingine likibana mpira wa waya. Pini iliyobanwa kwa plaisi inashika leo na kupata moto kesho. Vuta kila waya kwa nguvu ya kunyanyua mfuko wa sukari wa kilo 2. Ukichomoka, ulikuwa mbovu.

Onyo moja lisisahaulike: kebo za pawa saplai moja usizichomeke kwenye nyingine, hata kama zinaingia. Upande wa vifaa ni wa viwango, upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na wakati mwingine modeli mbili za kampuni moja zinatofautiana. Volti 12 zikifika mahali pa volti 5, SSD na diski zote zinakufa kwa mara moja. Pima kila pini kwa multimita dhidi ya kebo ya asili kabla ya kuwasha.

Kuhusu mfumo wa maji wa kutengeneza mwenyewe, ushauri wetu ni kuukataa isipokuwa mteja anaishi jirani na anakubali kulipia huduma kila mwaka. Ukiufanya, kadiria rejeta ya milimita 120 kwa kila wati 100 hadi 150, usichanganye aluminiamu na shaba kwenye mzunguko mmoja kwa sababu moja itailia nyingine, na pima uvujaji kwa hewa ya bar 0.5 kwa nusu saa kabla ya kutia tone lolote. Tumia maji maalumu yenye dawa ya kuzuia kutu. Chupa zinazouzwa sheli kama "maji ya betri" ziache, nyingine zina asidi. Mabomba ya PETG hulainika maji yakikaribia nyuzi 60, kwa hiyo weka bayosi izime mashine mapema. Kwa wengi, kipoza kikubwa cha hewa kama Noctua NH-D15 kinatosha, na hakuna cha kuvuja.

Majaribio ya siku tatu

Siku ya kwanza ni ya ramu peke yake. Washa Memtest86+ kutoka kwenye flashi na uiache mizunguko minne. Kwa GB 64 hiyo ni usiku mzima. Kosa moja ni kosa, usilisamehe. Fanya hivyo ukiwa umeshawasha EXPO au XMP, mpangilio wa bayosi unaopandisha ramu hadi kasi iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu ndiyo kasi mteja atakayotumia.

Siku ya pili, Windows na draiva zikiwa tayari, endesha Prime95 inayoilemea prosesa kwa saa moja, kisha FurMark inayoilemea kadi nusu saa, kisha zote mbili pamoja kwa saa mbili huku HWiNFO64 ikirekodi vipimo. Andika joto la chumba pembeni ya joto la prosesa, maana namba peke yake haisemi kitu. Prosesa iliyosoma nyuzi 78 kwenye chumba cha 22 mwezi Julai Arusha itasoma 89 kwenye chumba cha 33 Moshi mwezi Februari, na Ryzen nyingi zinaanza kujipunguza kwenye 95. Mashine ikienda Moshi, unataka tofauti isiyozidi nyuzi 55 kati ya chumba na prosesa. Ukimaliza, fungua kumbukumbu za matukio za Windows na utafute WHEA, yaani ripoti za makosa ya vifaa. Hata kama mashine haikuzima, mistari ya WHEA inaonyesha kuna kitu kinachopepesuka, mara nyingi ramu au volti.

Siku ya tatu ni ya mambo madogo yanayoleta simu za usiku. Iache imezimwa usiku, uiwashe ikiwa baridi. Ilaze (sleep) na uiamshe mara kumi. Nakili faili kubwa mpaka SSD ijae asilimia 70, uone kasi inaporomoka hadi wapi. Iunganishe na UPS ya mteja mwenyewe, weka mzigo kamili, chomoa plagi ukutani mara tano.

Kusafirisha

Kati ya Arusha na Moshi ni kilomita 80 hivi, na hadi Dar ni zaidi ya 500. Matuta ndiyo adui. Kadi ya kilo mbili iliyoshikiliwa na nafasi moja ya plastiki, na kipoza cha kilo 1.3 kinachoning'inia kwenye bodi, vinaweza kuing'oa soketi kwenye buti la basi. Safari fupi ya gari lako mwenyewe, laza kasha ubavu ili mazabodi iangalie juu. Kwa basi, toa kadi, ifunge kwenye boksi lake, uisafirishe pembeni. Toa kioo pia. Jaza nafasi ya ndani kwa vipande vya sponji ya godoro, kila kimoja ndani ya mfuko wa kuzuia chaji, kwa kuwa sponji tupu hutengeneza chaji. Bandika karatasi nyekundu juu ya tundu la kebo ya umeme: TOA SPONJI NDANI KABLA YA KUWASHA. Ikae juu ya tundu lenyewe, ili mtu asiweze kuchomeka bila kuibandua. Kisha sanduku la mbao za paini, skrubu badala ya misumari, mteja atalihitaji akirudisha.

Karatasi na pesa

Sajili jina BRELA, pata TIN na mashine ya EFD, na leseni kutoka Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi. Wateja wa makampuni ya utalii na taasisi hawanunui bila risiti. Vipande ukivileta kupitia Namanga au kwa ndege ya mizigo KIA, tunza nyaraka za forodha pamoja na namba za utambulisho. Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18, na iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Tenganisha bei ya vipande na bei ya kazi kwenye ankara. Vipande mteja alipe vyote kabla hujaagiza, kazi alipe nusu. Nukuu yako idumu siku 7 tu. Bei ya ramu ilipanda kwa kasi tangu mwishoni mwa 2025, na karakana iliyonukuu kwa mwezi mzima ilijikuta inafanya kazi bure.

Waranti ya vipande vingi hudaiwa kwa aliyekuuzia au katika nchi vilikonunuliwa, na safari ya kadi kwenda na kurudi Dubai inaweza kula wiki nyingi. Mwambie mteja hivyo mapema, kwa maandishi. Weka stoo pawa saplai moja ya wati 1000 na SSD moja ya akiba, umwazime wakati yake inashughulikiwa. Mhariri mwenye video ya kukabidhi Ijumaa hatakumbuka rangi ya kebo zako, atakumbuka kama aliikabidhi.

Usafishaji uwe kila miezi mitatu wakati wa kiangazi, na uuze kama huduma ya mwaka. Ukitumia blowa, zuia mapanga ya feni kwa kidole, kwa sababu feni inayozungushwa na upepo inazalisha umeme na kuurudisha kwenye bodi. Kisha rudia jaribio lile lile la siku ya pili na ulinganishe na daftari, ukitoa joto la chumba kwenye vipimo vyote viwili. Tofauti ya nyuzi 3 ni vumbi lililobaki au pesti inayozeeka. Ikizidi 10, chomoa kipoza uangalie: ama pesti imesukumwa nje ya prosesa, ama pampu ya maji imesimama, ama skrubu moja ya kipoza imelegea njiani.